Mzizi Uko kwa Abdulrazaki

Jumatatu, 3 Februari

Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nimemwambia umefundisha Baiolojia tangu ujana wake, una haki. Hakucheka. Kamwita pembeni Editha, binti yangu, wakanong'ona. Watu wakinong'ona mbele ya mzee wa miaka themanini na moja, hawazungumzii bei ya vitunguu.

Jioni kaja Padre. Kaniasa nijiandae, nichunguze dhamiri, na kama kumbukumbu inanisumbua basi niandike. Ninaandika. Haya ndiyo maungamo yangu. Naanza na dhambi za jirani yangu Abdulrazaki, kwa kuwa ndizo ninazozikumbuka vizuri zaidi.

Amempa beberu wake jina la Hedimasta. Hedimasta mstaafu katika mtaa wetu hapa Kondoa ni mmoja tu, na hana pembe. Kila alfajiri Abdulrazaki anasimama upande wake wa uzio wa minyaa na kupaza sauti: Hedimasta, acha kula takataka! Hedimasta, leo umejisaidia wapi? Nikilalamika ananijibu kwamba ni haki yake, yeye ni mtani wangu. Na kweli ni mtani. Babu yake alipita na misafara ya pembe za ndovu, akalala kwetu Usandawe, babu yangu akamuuzia asali yenye nyuki hai ndani yake. Tangu siku hiyo wao na sisi ni watani, na hakuna mahakama inayopokea kesi ya mtani.

Usiku haujaingia, Editha kaomba nimsaidie kuandika wasifu wa marehemu. Marehemu mwenyewe ni mimi. Kasema ni bora mapema, msibani watu huchanganyikiwa, wanakosea hata mwaka wa kuzaliwa. Tumeandika. Alizaliwa Kwa Mtoro. Alisoma. Alioa. Alifundisha. Alistaafu. Alipenda nidhamu.

Mistari sita! Nimeusoma kwa sauti, ukaisha kabla sijapata nafasi ya kukohoa.

Hapo ndipo moyo uliponiuma kweli. Niliuona msiba wa mzee Elieza mwaka juzi. Mtani akiachiwa uwanja msibani hana breki. Abdulrazaki alivaa koti la marehemu, akaiga jinsi Elieza alivyokuwa akificha sukari wageni wakibisha hodi. Wafiwa walicheka hadi wakashikiliana. Elieza alikuwa bwana afya, alichimbisha vyoo wilaya nzima. Nani leo anakumbuka vyoo? Wanakumbuka sukari.

Nahitaji mstari wa saba. Mstari mzito, ambao hata mtani akiupiga teke ataumia kidole.

Jumanne, 4 Februari

Nimeupata!

Editha alinitoa nje kuota jua. Nimekaa kwenye kiti changu juu ya saruji (ua wangu wote nimeusakafia, ni ua pekee mtaani usio na tope), nikatazama minyaa kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama. Na pale juu, umejisokota kwenye matawi, mmea! Ua lake kama tarumbeta, jeupe, kooni zambarau iliyoiva. Jani umbo la moyo. Asubuhi ua limekunjuka, saa sita limejikunja kama mwavuli wa mwalimu mkuu.

Nimeuchunguza kwa kioo cha kukuzia. Ni wa ukoo wa kiazi kitamu, hilo hata yule anayeshika mkia darasani angelijua. Lakini kiazi kitamu hutambaa chini kwa adabu. Huu unapanda juu kama karani anayetafuta cheo. Maisha yangu yote sijawahi kuuona. Nami ni Msandawe, nimezaliwa porini, nimesomea mimea. Ikiwa mimi sijauona, basi haujaonwa na mtu. Mantiki safi.

Mstari wa saba: *Marehemu aligundua mmea mpya duniani.* Na kama mambo yakienda vizuri, mmea wenyewe uitwe kwa jina langu, kwa Kilatini. Mtani gani ataweza kuiga Kilatini?

Nimempigia Rodgers, kijana anayefundisha mambo ya mimea chuoni kule Dodoma. Baba yake nilimfundisha, na nilimchapa, kwa hiyo kuna heshima. Kaniamkia shikamoo mara mbili. Nikamuuliza, kwa mbali, kama mtu anaweza kuupa mmea jina lake mwenyewe. Kasema hapana, mzee, hiyo kwetu ni aibu kubwa, jina hutolewa na mwingine. Nikamuuliza, kwa karibu zaidi, kama yeye ni mwingine. Kakohoa. Kasema kwanza alete macho, atapita Jumamosi akielekea Babati. Nimkaushie ua na majani, na mzizi usikosekane.

Nimekata tawi zuri, nimelilaza ndani ya gazeti la zamani, nimelianika barazani na jiwe juu yake. Nikasinzia.

Hedimasta kala ua. Kala majani. Kala gazeti. Kaacha jiwe.

Nimemtuma Editha kupeleka malalamiko rasmi. Karudi na jibu. Abdulrazaki anasema beberu wake amesoma, ndiyo maana hali bila gazeti.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetumia akili. Tawi la pili nimelificha chini ya godoro. Mbuzi haingii chumbani, na uzito wangu, ingawa umepungua, bado unatosha kubana jani. Jana usiku nimelala juu ya jina langu. Sikujigeuza.

Leo mchana Editha kaleta ugali wa uwele na mboga ya majani kwa karanga. Mboga laini, ina utelezi wa mbali kama mlenda, lakini ina utu zaidi. Nimekula. Nikaomba nyongeza. Nikamsifu, jambo ambalo silifanyi ovyo. Nikamuuliza ni matembele ya wapi.

Kasema ya chini ya godoro, baba. Alikuwa anabadili shuka. Alidhani nimeanza kuficha chakula, kasema wazee wengine huwa hivyo, hakutaka kuniaibisha, kaona ayapike tu.

Nimekula ushahidi. Nimerudia ushahidi!

Nikamwambia ukweli. Hakucheka mbele yangu. Alikwenda jikoni, na huko nilisikia sufuria zikicheka.

Majani yapo mengine. Tatizo ni mzizi. Nimefuata shina kwa macho, kutoka juu hadi chini, taratibu, na nikaona kile nilichokuwa nakiogopa. Majani yako kwangu, maua yako kwangu, ila shina linapita katikati ya minyaa na kuzama ardhini upande wa pili. Mzizi uko kwa Abdulrazaki.

Editha kasema si nimwombe tu mzee mwenzangu. Mtoto huyu hajui dunia. Kumwomba mtani ni kumkabidhi fimbo na kumwonyesha mgongo. Kwanza atauliza wa nini. Kesho mtaa mzima utaugundua mmea kabla yangu.

Alasiri mvua imenyesha. Udongo umelainika. Ninatafakari. (Padre: hapa dhamiri ilinong'ona kidogo. Sikuisikia vizuri, masikio yangu unayajua.)

Ijumaa, 7 Februari

Mpango ulikuwa safi. Ijumaa Abdulrazaki huenda msikitini mapema na hurudi kwa kuchelewa, kwa sababu ya soga za mlangoni. Mkewe, Mishi, huenda kwa binti yao. Editha nilimtuma sokoni akatafute parachichi gumu lililoiva. Hilo lingemchukua muda.

Nilipita kwenye uwazi anaoutumia Hedimasta. Mwenyewe alisimama pembeni anatafuna, ananitazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mchelewaji. Tawi la mnyaa likakatika juu yangu. Maziwa yake yakaingia jichoni. Moto! Nimewafundisha watoto wa watu miaka na miaka kwamba utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho. Darasani haukuwa ukiuma.

Nikapiga magoti. Koleo sina nguvu nalo, nikachimba kwa mkongojo. Mwanzoni nilichimba kama kitabu kinavyoelekeza. Halafu mikono ikaacha kitabu. Choma, zungusha, inua, mkono wa kushoto uondoe udongo. Choma, zungusha. Sikumbuki ni nani aliyenifundisha mwendo ule. Mzizi ukatokea, mnene, ngozi ya kahawia, na kipande kikamenyuka, ndani mweupe unatoa maji. Mwanasayansi huonja. Nikaonja.

Ulimi ukajua kabla yangu.

Kiangazi. Kwa Mtoro. Mama amepiga magoti, anafuata kwa kidole uzi mkavu juu ya udongo, uzi ambao mtu mwingine angeukanyaga akapita. Mimi nyuma yake nimebeba kibuyu. Hatukuwa tukiula, tulikuwa tukiutafuna, tunameza maji yake na kutema nyuzi. Jani lake sikuwahi kuliona. Tulipokuwa tukiuchimba, jani lilikwishakufa, na jani lilipokuwa hai mimi nilikuwa katika bweni la misheni nakariri sehemu za ua la Ulaya.

Basi ugunduzi wangu ni chakula cha mama yangu. Kila Msandawe mwenye meno anaujua. Nilikaa nalo hilo kidogo pale chini, jicho linatiririka. Kisha nikaamua kutokuukumbuka.

Tatizo magoti. Yaliposhuka yalishuka, kupanda yamekataa. Na ndipo nikasikia kanzu zinakuja. Abdulrazaki na wenzake wawili wa msikitini! Wakanikuta nimepiga magoti, paji la uso karibu na ardhi, machozi shavuni, siku ya Ijumaa.

Kisha Abdulrazaki akaita: Hedimasta! Mimi na beberu tukageuka pamoja.

Akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba amefurahi, milango ya toba haifungwi, ila kibla si huko, huko nilikoelekea ni chooni kwake. Akamtuma mwenzake akaniletee kofia. Akapendekeza niitwe Ramadhani, maana ndio mwezi unaokuja. Nikasema kwa heshima zote kwamba nilikuwa natafuta kifungo cha shati. Akatazama shimo. Akauliza, mtani, kifungo chako kimeota mizizi?

Mishi alifika wakati huo. Aliniosha jicho kwa maji mengi, kisha akauona mzizi mkononi mwangu. Yeye peke yake hakucheka. Kasema, shemeji, umeuchimba mzizi wa Domitila.

Domitila ni mke wangu. Alifariki miaka mitatu iliyopita.

Mishi kaeleza huku ananikung'uta udongo. Mwaka ule niliposakafia ua, Domitila alikwenda kwake na kipande cha mzizi ndani ya kanga, kakitoa kwao Kwa Mtoro. Kasema uani kwetu hakuna udongo tena, wala mwenye nyumba hataki vitu vya porini mezani. Wakakipanda chini ya minyaa. Kila mvua wanakula majani, kila kiangazi wanachimba pembeni na kuacha kichwa kiote tena. Walikuwa wakikaa jikoni kwa Mishi wawili, wakati mwingine watatu na Abdulrazaki, wanatafuna na kucheka. Nikauliza walikuwa wakicheka nini. Mishi akazidi kukung'uta. Abdulrazaki akageuka kumtazama beberu.

Ni kweli nilisema neno kama hilo. Kwamba nyumba ya hedimasta hailishwi mizizi, sisi ni watu wa mkate. Nililisema mara moja. Au kila mwaka. Padre anajua jinsi wanawake wanavyochukua mambo.

Sijalala vizuri mchana. Jicho linawasha.

Jumamosi, 8 Februari

Rodgers kaja na gari la chuo na msaidizi wa kubeba mbao za kubania majani. Nimevaa suti. Nimemwonyesha mmea, nimemwonyesha mzizi, na nimetamka neno *ugunduzi* katika kila sentensi ili alizoee.

Kautazama muda mfupi, muda mfupi mno. Kasema mzee, hongera, ni mzuri sana, huu upo vitabuni tangu enzi za Mjerumani. Ni ndugu wa mbali wa kiazi kitamu. Jina unalo tayari, la Mzungu mmoja aliyepita na punda.

Nikamwambia vitabu hukosea. Kakubali kwa adabu kwamba hukosea. Nikamwambia nilimchapa baba yake. Kasema anajua, baba husimulia.

Akaona nimenyong'onyea, akasema bado sampuli ina thamani, chuoni hawana yenye mzizi kutoka Kondoa, wataihifadhi miaka mingi. Kwenye lebo wanaandika jina la mmea kwa lugha ya wenyeji, na mtu aliyelitoa. Akatoa kalamu. Akauliza, mzee, kwa Kisandawe huu unaitwaje?

Nifanye nini? Nikilitaja, nimekiri kwamba naujua tangu utotoni, na ugunduzi umekufa. Nilifikiri upesi. Nikasema hauna jina. Haujawahi kuonekana kwetu.

Kutoka ng'ambo ya minyaa likaja jina. Lile lenyewe! Na mlio wake wa ulimi mwanzoni, umepigwa sawasawa, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Mimi mwenyewe siwezi kuupiga tena tangu niwekewe meno ya bandia. Abdulrazaki! Mtoto wa wachuuzi wa misafara! Kachungulia juu ya uzio akalirudia taratibu ili Rodgers aandike. Kasema alifundishwa na shemeji yake Domitila, ilimchukua misimu mitatu, kila akikosea wanawake wanamnyima kipande.

Rodgers kaandika. Nimeisoma lebo kwa kioo changu cha kukuzia. Mpandaji: marehemu Domitila. Mtoa taarifa: Mzee Abdulrazaki. Ilikokusanywa: Kondoa mjini, uzio wa minyaa.

Mimi sipo. Hedimasta ametajwa chini kabisa, kwenye maelezo: *huliwa na mbuzi.*

Rodgers aliaga. Abdulrazaki akabaki uzioni. Nilingoja kejeli, nikakaza shingo. Badala yake kasema Mishi ametenga kipande, kimepoa mtungini, nipite. Kasema na kiti cha Domitila kipo, hakikaliwi. Nikamwambia nina mgonjwa. Kauliza mgonjwa gani. Nikasema mimi.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda. Kwa ajili ya utafiti tu.

Mishi alikimenya kwa kisu kidogo, kakigawa. Tukatafuna, maji yanatiririka kidevuni. Meno ya bandia hayafai kwa kazi hii, nikayatoa nikayaweka kwenye kisahani. Abdulrazaki akatoa yake akayaweka kando ya yangu. Akaniambia nijaribu sasa, bila plastiki. Nikajaribu jina. Ulimi ukagonga. Nikajaribu tena. Mishi kasema ndivyo hasa alivyokuwa akilisema yeye.

Jicho limewasha tena, lile lile la minyaa. Na lile jingine pia. Utomvu husambaa.

Nimeomba kipande chenye kichwa nikakioteshe kwangu. Mishi kanipa, kakifunga ndani ya kanga.

Jumatatu, 10 Februari

Nimelala vizuri, kichwa chepesi, mambo yote nimeyaona waziwazi.

Asubuhi nilimwajiri fundi akavunja saruji kando ya uzio, sehemu ya kutosha beseni. Nikakipanda kile kipande kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikamwita Editha alete wasifu, nikamsomea mstari wa saba: *Marehemu ndiye aliyeuleta mmea huu adimu mjini Kondoa.*

Editha kasema, baba, aliyeuleta ni mama. Nikamweleza kwamba mimi na mama yake tulifunga ndoa ya Kikristo, mali ni ya wote wawili. Kasema hata hivyo ulikuwa ukipandwa kwa siri kwa sababu yako. Nikasema hasa! Bila mimi usingepandwa. Nisingeukataza ungeliwa wote, usingebaki hata mmoja. Kaniangalia kwa macho ya Domitila. Nikamwambia mama yako hakupenda makuu, andika. Kaandika kwa penseli.

Nikatoka nje, nimeridhika, niko tayari kufa.

Nikasikia vicheko ng'ambo. Nikachungulia kwenye uwazi wa mbuzi. Abdulrazaki alikuwa katikati ya ua wake, amezungukwa na majirani. Amevaa koti jeusi. Ana mkongojo. Kapiga magoti, matako juu, anafuta jicho moja na kulia: nimepoteza kifungo, jamani, kifungo changu cha Kilatini! Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu, akashindwa, na naapa, goti lile la kulia lilikuwa langu kabisa. Mishi alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Hata Editha! Binti yangu alikuwa amesimama pale pale na bakuli la chumvi alilotumwa kurudisha, anacheka amefumba macho.

Ni mazoezi. Anafanya mazoezi ya msiba wangu!

Basi nimekata shauri. Sifi. Atangulie yeye. Mimi nitabaki, nami ni mtani vilevile, nami nina haki. Nitavaa kanzu yake, nitamwita mbuzi, nitatoa meno yangu na kuyaweka kwenye kisahani, watu watacheka hadi kaburi lichelewe. Nimeshaanza kuandika. Nimemeza dawa zote za asubuhi na za jioni nimeziweka karibu. Nimemtuma Editha kwa Mishi aniombee mzizi zaidi, unaonekana unatia nguvu.

Saa nne kaja Padre na mafuta ya mpako wa wagonjwa. Kauliza kama nimemaliza kuandika maungamo. Nikamwambia yamekamilika, yamemhusu mtu yule yule mwanzo hadi mwisho, na kwamba mafuta asiyapoteze kwangu, ayapeleke ng'ambo ya uzio, mwenye hali mbaya ni Abdulrazaki.

Padre kanikumbusha kwamba Abdulrazaki ni Mwislamu.

Nimemwambia ajaribu tu.